Dakika 20 angani, saa tatu ardhini

Mtu wa Meru ukimwuliza Embu iko umbali gani, hatakujibu kwa kilomita. Atakwambia ni saa mbili kwa matatu, saa mbili na nusu ukimpata dereva mzee, na ukimpata kijana mwenye haraka ni heri uanze kuomba Mungu mnapoteremka Nithi. Hivyo ndivyo watu wa pande za mlimani wanavyopima njia, na mimi kama daktari nawaunga mkono. Mgonjwa anayevuja damu hana haja na kilomita. Dakika ndizo zinazommaliza.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ya maneno yanayosikika kila mara mgonjwa anapofariki akiwa njiani. Utayasikia hotelini, utayasikia matangani, na siku ya mazishi mwanasiasa atayarudia kwa kipaza sauti: "Lau tungekuwa na ndege, marehemu angekuwa hai." Umati huitikia kwa uchungu, na papo hapo hutolewa ahadi ya kiwanja, au ya helikopta, au ya vyote viwili. Nimezisikiliza ahadi hizi kwa miaka mingi. Leo naomba msomaji tufanye hesabu pamoja, maana ni hesabu ndogo ya darasa la sita.

Chukua ramani. Kiwanja cha ndege cha Embu ni kidogo, na kiko kilomita chache nje ya mji. Mtu wa Meru anayetaka kupanda ndege huelekea Isiolo, ambako uwanja uliofunguliwa rasmi mwaka wa 2017 umekaa mpakani, sehemu yake ikiwa kaunti ya Isiolo na sehemu nyingine kaunti ya Meru. Kipo pia kiwanja cha Mulika ndani ya mbuga ya wanyama ya Meru, lakini hicho kimewafaa zaidi watalii. Ukinyoosha uzi kutoka kiwanja cha Embu hadi cha Isiolo utapata kilomita 100 hivi. Miji yenyewe, Embu na Meru, iko karibu zaidi, kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka. Barabara ndiyo ndefu. Ni kama kilomita 125, kwa kuwa inabidi ipande na kushuka kila bonde linalochongwa na mito itokayo Mlima Kenya: Thuchi, Nithi, Mutonga na mingineyo.

Ndege ndogo kama Cessna Caravan hukata takriban kilomita 300 kwa saa. Kilomita 100 basi ni dakika 20. Ongeza muda wa kupaa na kutua, nazo zinafika 30. Dakika hizo 20 ndizo zinazotajwa mikutanoni, na hesabu yake ni sahihi kabisa.

Tatizo ni kwamba ndege hailali Embu, wala hailali Isiolo. Hakuna ndege ya abiria yenye ratiba kati ya viwanja hivi viwili, na ndege za kubeba wagonjwa hulala Wilson, Nairobi. Kutoka Wilson hadi Isiolo ni kama kilomita 200 angani. Kutoka Embu kurudi Wilson ni 110 hivi. Kwa hiyo ili mgonjwa mmoja asafirishwe kilomita 100, ndege itaruka kilomita zaidi ya 400, na mwenye kulipa atazilipia zote.

Tuseme basi daktari wa Meru ameamua saa nne asubuhi kwamba mgonjwa wake anahitaji kupelekwa Embu kwa ndege. Atapiga simu. Lazima ithibitishwe ni nani atakayelipa. Rubani, muuguzi na vifaa watakusanywa, hali ya hewa itaangaliwa, na kwa bahati nzuri ndege itaondoka Wilson baada ya saa moja. Itachukua dakika 45 kufika Isiolo. Wakati huo huo mgonjwa anateremshwa kutoka Meru hadi Isiolo, mwendo wa kilomita 50 hivi, akitingishwa ndani ya gari karibu saa nzima. Kiwanjani atapimwa upya, atafungwa vizuri kwenye machela na kuingizwa ndegeni, na hiyo ni nusu saa. Kisha zinakuja zile dakika 20 zetu mashuhuri ambazo kwa kweli ni 30. Embu atateremshwa, apakiwe tena garini, apelekwe hospitali. Saa ya ukutani sasa inakaribia saa saba mchana. Saa tatu zimekwisha.

Lau angewekwa tu kwenye gari la wagonjwa lenye mafuta, dereva aliyelala vya kutosha na muuguzi anayejua kazi yake, angefika Embu saa sita mchana.

Hapo sijataja usiku. Wanaofanya kazi ya ukunga wanajua kuwa watoto hawasubiri kukuche. Viwanja vidogo aghalabu havina taa, kwa hivyo jua likizama ndege imekwisha kazi mpaka asubuhi. Wala sijataja mawingu. Njia ya moja kwa moja kati ya Embu na Isiolo inapita ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa mashariki, vilima vya Nyambene vikiwa upande wa pili, na mwezi wa Julai pande hizo hufunikwa na ukungu na manyunyu siku nzima. Rubani mwenye busara hachezi na mlima huo. Tarehe 19 Julai 2003, ndege iliyokuwa imewabeba watalii kutoka Wilson kuelekea Samburu iligonga kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwemo wakafa.

Mlima huo huo una kisa kingine kinachopendwa na wapanda milima. Mwezi Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Helikopta iliyojaribu kusaidia ilianguka na rubani wake, Jim Hastings, akafariki. Judmaier alikaa huko juu zaidi ya wiki moja, na hatimaye waliomteremsha walikuwa wanaume wenye kamba, wengine wao wakiwa wametoka Innsbruck, Austria. Mwenzake wa safari, Oswald Oelz, ambaye pia alikuwa daktari, alimtunza muda wote huo. Nimekisimulia kwa sababu watu hudhani helikopta ni kitu cha kunyanyuka kama kunguru na kutua popote.

Kuna jambo jingine ambalo mikutanoni halisemwi kamwe, nalo ni kwamba mwili wa mgonjwa haupendi kupaa. Kadiri unavyokwenda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na gesi yoyote iliyonaswa mwilini hutanuka. Ndege isiyoshindiliwa hewa ndani, ikitoka Embu na kupanda mpaka mita 3,500 ili ipite mlimani salama, gesi hiyo huongezeka kwa kiasi cha theluthi moja. Kwa mtu mzima mwenye afya ni masikio tu yatakayoziba. Lakini kwa aliyevunjika mbavu katika ajali, hewa ikawa imevuja kati ya pafu na ubavu, theluthi hiyo yaweza kuliminya pafu na kuuhangaisha moyo. Mgonjwa wa namna hiyo ni sharti awekewe mpira kifuani kabla ya ndege kuondoka. Zipo ndege zilizoshindiliwa hewa, mathalan Pilatus PC-12 ambazo Amref Flying Doctors wanazitumia, nazo hupunguza tatizo hili. Hata hivyo, oksijeni, dripu na mikono yenye ujuzi havina budi kutangulia. Asiyeweza kutulizwa kabla ya safari aghalabu haiwezi safari.

Sasa tumtazame mgonjwa ambaye kwa ajili yake hasa ahadi hizi hutolewa, yaani mama aliyejifungua na damu ikakataa kukoma.

Tuseme yuko Gatunga huko Tharaka, au Ishiara upande wa Mbeere, au nyuma ya Laare. Mtoto amezaliwa salama, kondo la nyuma limetoka, jamaa wameanza kupigiana simu za pongezi. Kisha shuka inalowa. Mfuko wa uzazi umelegea, haukazi, na mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto imebaki wazi kama mifereji. Mama wa hali hii, asipopata matibabu, anaweza kufariki kwa muda wa saa mbili hivi tangu damu ianze. Saa mbili! Ndege yetu ya mfano ilichukua saa tatu, mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, na mlipaji akiwa amepatikana mara moja.

Mama huyu haokolewi na kitu chochote kilicho mbali. Anaokolewa na sista aliye naye chumbani. Sista huyo anahitaji dawa ya oksitosini iliyowekwa mahali pa baridi, asidi ya traneksamiki, maji ya dripu, na ujuzi wa kuukanda mfuko wa uzazi na kutafuta palipochanika. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2017, uliohusisha akina mama zaidi ya 20,000 katika nchi 21, ulionyesha kwamba traneksamiki ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu theluthi moja. Na mwaka wa 2023 ulitoka mwingine, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Huko wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama, wa kuwekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikifika kiwango fulani, tiba zote zinaanzishwa kwa pamoja, bila kungoja kwanza hii ishindwe ndipo ile ijaribiwe. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, vya kupasuliwa tumbo na vya kufa kwa sababu hiyo vilipungua kwa asilimia 60.

Asilimia 60, kwa mfuko wa plastiki na utaratibu mzuri! Sijawahi kusikia mwanasiasa akiahidi mfuko wa plastiki. Nadhani hauzinduliwi vizuri. Hauna utepe wa kukatwa.

Iwapo damu imekwisha kupotea nyingi, mama atahitaji kuongezewa, na hapo ndipo umbali kati ya Embu na Meru unapokuwa na maana ya kweli. Kituo cha damu cha kanda hii kiko Embu. Ni mojawapo ya vituo vikubwa vya huduma ya damu ya taifa, pamoja na Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Damu haiwi tayari kwa kutolewa tu mkononi. Lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha ihifadhiwe kwa baridi, na hata hivyo hudumu kama siku 35 pekee. Tangu msaada wa Marekani kwa huduma hiyo ulipokoma mwezi Septemba 2019, upungufu umekuwa wimbo wa kila mwaka. Kwa hiyo daktari aliye na mgonjwa Meru aweza kuwa na chumba cha upasuaji, mpasuaji na mtaalamu wa kulaza mgonjwa usingizi, asiwe na painti mbili za damu ya kundi linalotakiwa. Humtuma mgonjwa mbali kuifuata damu, wakati ingekuwa nyepesi zaidi damu kumfuata mgonjwa.

Wanyarwanda walilifahamu hili mapema. Tangu mwaka wa 2016 wamekuwa wakipeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zinazorushwa kama manati na kudondosha sanduku kwa mwavuli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa damu ilifika kwa chini ya nusu ya muda wa gari, na ile iliyokuwa ikitupwa kwa kupitwa na wakati ilipungua kwa asilimia 67. Tazama tofauti: sanduku la damu halitaki machela, halitaki muuguzi, wala halihitaji mita elfu moja za lami. Kama ni lazima kitu kipae kati ya Embu na Meru, mimi ningependelea kiwe sanduku hilo. Hata bila ndege za manati, pikipiki yenye sanduku la barafu hufanya kazi nzuri, mradi kuwe na mtu wa kupokea simu saa nane za usiku.

Msomaji asije akadhani nawachukia marubani. Yako maeneo ambako hesabu inageuka kabisa. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kilomita 500 hivi. Barabara ya lami iliyokamilika katikati ya miaka ya 2010 imepunguza mateso, lakini mgonjwa wa Moyale bado ana siku nzima ya safari, na wa North Horr au Loiyangalani ana mbaya zaidi, kwa njia ya mchanga na mawe. Huko ndege ikichukua saa tatu tangu simu ya kwanza, bado imeokoa saa nyingi. Kanuni yangu, ambayo si ya kitabuni, ni hii: gari likiweza kumfikisha mgonjwa kwa saa tatu, ndege iachwe, likihitaji saa sita, ndege iitwe mara moja na bila kubishana. Katikati ya hapo daktari atumie akili yake. Meru na Embu ziko upande wa gari. Uwanja wa Isiolo unafaa sana, ila unawafaa zaidi watu wa kaskazini kuliko sisi tunaougombania kwa maneno.

Hata historia ya madaktari wa angani tunaikumbuka nusu nusu. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka wa 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Fikira yao ya kwanza ilikuwa kumpeleka mpasuaji kwenye hospitali za mbali, ambazo nyingi zilikuwa za misheni, awatibu watu kwao. Miaka michache baadaye zikawekwa redio, ili muuguzi aliyekwama na mgonjwa apate ushauri wa daktari hapo hapo. Anne Spoerry, ambaye watu wa kaskazini na wa Lamu walimwita Mama Daktari, aliendesha ndege yake mwenyewe kwa miaka mingi akibeba chanjo na dawa, mpaka alipofariki mwaka wa 1999. Ndege yake ilimpeleka tabibu kwa wagonjwa. Siku hizi tumeigeuza fikira hiyo miguu juu. Tunataka ndege za kuwaondoa wagonjwa katika hospitali ambazo hatukuzipa vifaa.

Tena kuna hospitali. Ukisafiri kutoka Embu hadi Meru unaanza na hospitali kuu ya Embu, iliyokuwa ya mkoa wote wa Mashariki hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka wa 2013. Unaipita Chuka. Unapita karibu na Chogoria, ambako Wamisheni wa Kiskoti walianza kutibu watu mwaka wa 1922. Iko Nkubu ya Consolata, kisha hospitali ya rufaa ya Meru, na ukiendelea Nyambene utaikuta Maua ya Methodisti. Kwa barabara moja ya Kenya, huo si ukame. Kinachokosekana ni mawasiliano kati yao. Nimepata kuwapokea wagonjwa waliopitishwa hospitali tatu, kila mahali wakipewa barua mpya na kuambiwa wasonge mbele, bila mtu yeyote kuinua simu kuuliza kama huko mbele kuna nafasi.

Mwaka wa 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba akina mama hucheleweshwa mara tatu: nyumbani wakati wa kuamua, njiani wakati wa kusafiri, na hospitalini wakati wa kungoja tiba. Ndege inatibu ucheleweshaji wa pili tu. Mwezi Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Alikuwa Nairobi, ambako hospitali kubwa ziko umbali wa dakika chache. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imeandikwa vizuri sana.

Na barabara yenyewe? Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Halikuwa la kwanza mahali hapo. Gari la wagonjwa hupita mteremko huo huo, usiku, mara nyingi kwa kasi kubwa kuliko inavyofaa. Utafiti haunihitaji mimi kusema kwamba mhandisi wa kuurekebisha mteremko wa Nithi angeokoa watu wengi kuliko rubani yeyote atakayeajiriwa na kaunti zote tatu za pande hizi.

Basi, fedha zikipatikana, mimi ningezitumia hivi. Kwanza kabisa ningelipa mtu mmoja wa kukaa kwenye simu usiku na mchana, anayejua hospitali ipi kati ya Embu na Maua ina kitanda, damu na mtaalamu wa usingizi usiku huo. Ningehakikisha kila gari la wagonjwa lina mafuta na muuguzi, kwa maana gari bila muuguzi ni teksi yenye king'ora. Ningejaza majokofu ya oksitosini na damu, na kuweka taa za jua katika vyumba vya kujifungulia. Ningewafundisha watu wa bodaboda, ambao kwa kweli ndio ambulensi ya kwanza ya mwananchi, namna ya kumbeba aliyeumia shingo, au tuseme namna ya kukataa kumbeba. Zikibaki fedha baada ya hayo yote, naam, tuongeze lami Embu.

Nawe msomaji unayeishi mjini na wazee wako wako kijijini, usingoje kaunti. Zungumzeni mapema ni gari la nani litakaloitwa usiku, na nambari yake ikae kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Mgonjwa akipewa rufaa, usikubali kuondoka na barua pekee. Mwombe daktari au sista kwa adabu apige simu huko mnakokwenda, akuambie jina la atakayewapokea. Uliza kama damu ipo. Kwa mjamzito aishiye mbali, afadhali atangulie kwa jamaa walio karibu na hospitali wiki mbili kabla ya siku zake, kuliko kutegemea ushujaa wa dereva. Dalili za kiharusi, yaani uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutatizika, zisilazwe mpaka asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa nne na nusu tu tangu dalili ya kwanza, na kabla ya hapo lazima kichwa kipigwe picha. Ukiwa umelipia uanachama wa ndege za wagonjwa, hakuna ubaya, uendelee nao, ila soma masharti uone ni kiwanja kipi wanatua na saa ngapi.

Mwisho ni damu. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa mwezi Aprili, Agosti na Desemba, damu hupungua. Anayekubaliwa kutoa ni mtu mwenye afya wa kati ya miaka 16 na 65 aliye na uzani wa zaidi ya kilo 50. Kituo cha Embu kipo, na hospitali ya Meru nayo hupokea wachangiaji. Shughuli nzima huchukua kama nusu saa, soda na biskuti zikiwemo.